Kikombe cha Kwanza cha Shardonei

Tegeni masikio, na midomo muiandae, maana mwisho nitawauliza, na sitaki mtu aniambie eti alikuwa amesinzia.

Juu kule Makete, ambako watu huvaa makoti hata kanisani, marehemu mzee Mbilinyi alipanda zabibu nyeupe ziitwazo Shardonei. Majirani walicheka. Zabibu ni za Dodoma, kwenye jua; huku ni viazi na ulanzi, pombe ya mianzi. Mzee hakujali. Alisema zabibu hii ikiivia kwenye baridi, polepole, mvinyo wake hubaki na uchachu mzuri. Alifariki kabla ya kuonja hata tone, akaacha neno moja: "Shamba lisikatwe vipande. Atakayetoa mvinyo wa kwanza ndiye aonje kwanza mbele ya watu, na shamba ni lake."

Mnajua desturi: mwenye pombe huonja kwanza, wageni waone haina sumu.

Watoto walikuwa watatu. Zakayo alikuwa na pua ya kunusa hali ya hewa. Lusungu alikuwa na ulimi usiodanganyika. Enoki, kitindamimba, alikuwa na sikio la ajabu. Wote walilitaka shamba, ila Lusungu alilitaka zaidi, kwa sababu kila alipolitaja aliambiwa ataolewa aende zake. Kaka zake hakuna aliyewaambia hivyo.

Machipukizi yalipotoka, jioni moja Zakayo alivuta pumzi uani, akarudi ndani mbio. "Mama, umande utaganda!" Akawasha mioto ya mabua katikati ya mistari, akaikoleza mpaka jua likachomoza, macho yamemvimba kwa moshi. Viazi vya majirani viliunguzwa na baridi. Zabibu zikapona.

Matunda yalipokaribia kuiva, kaka wote wawili walitaka kusubiri.

"Za Dodoma huwa tamu kama sukari," alisema Zakayo.

"Hizi si za Dodoma, kaka." Kila asubuhi Lusungu alitafuna punje moja. Siku moja akatema mbegu, akasema, "Leo." Wakamkatalia. Akabeba tenga, akaanza kuchuma peke yake kwenye manyunyu, vidole vikifa ganzi, mpaka wakaona haya wakamfuata. Wiki hiyohiyo mvua kubwa ilishuka, na vichala vilivyosahaulika vikaoza vyote.

Juisi ikatiwa kwenye pipa ichache, ikatoa povu kidogo, kisha kimya. Majirani wamezoea ulanzi, unaochacha wenyewe na kunywewa upesi. "Huo umekufa, umwageni," walisema, na mama akaanza kukubali. Enoki akabandika sikio kwenye pipa.

"Haujafa, mama. Unaona baridi tu."

Akalifunika pipa kwa blanketi lake la harusi, akaweka jiko la mkaa kando, akalilinda kwa siku nyingi huku mkewe amenuna. Hatimaye povu likaanza tena kunong'ona.

Siku ya kuonja ikafika. Ua ulijaa watu. Mama akamimina kikombe kimoja, mvinyo wa rangi ya majani makavu, ukinukia tufaha.

"Bila moto wangu mngechuma nini?" akauliza Zakayo, akinyoosha mkono.

"Bila blanketi langu mngekunywa maji ya sukari," akasema Enoki, naye akanyoosha wake.

"Na bila ulimi wangu mngekamua uozo." Lusungu akasogea, mkono wake ukawa mbele kabisa. "Mama, wao wakikikosa kikombe hiki bado wana kwao. Mimi nikikikosa, nitakuwa mgeni hapa nilipozaliwa. Siondoi mkono."

Kaka zake waliinamisha macho. Mikono yao hawakuirudisha.

Basi mama amesimama, kikombe kimejaa, wageni wana kiu. Na usiniambie wagawane, mzee alishakataa. Je, wewe uliyenisikiliza, ungekuwa ndiwe mama huyo, ungeamua vipi? Kikombe ungempa nani?