Mtungi wa Konzi za Asubuhi

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa zamani, mtaa wa wasokota kamba, aliishi mja mwema aitwaye Bi Thuwaiba, pamoja na mumewe Shekue na binti yao mdogo, Maimuna.

Wanawake wa mtaa ule walikuwa mafukara, lakini walikuwa na ada yao. Kila asubuhi, kabla mtama haujaingia chunguni, mtoto mdogo kuliko wote nyumbani alichota konzi moja, ujazo wa mkono wake tu, akaenda kuitia katika mtungi uliowekwa amana kwa Bi Thuwaiba. Walichagua mkono wa mtoto, ambao konzi yake ni ndogo kila nyumba, ili asiwepo wa kujivuna wala wa kuona haya. Mtungi ukijaa, mtama huuzwa, akanunuliwa mbuzi jike wa nyumba moja, kwa zamu. Ndivyo walivyopata maziwa, na mbuzi wa kuuza siku ya dhiki.

Zamu ilikuwa imefika kwa Bi Mashavu, mjane, na mtungi ulikaribia kujaa, Shekue aliposhikwa na homa, asiweze kusokota kamba. Asubuhi moja nyumba yao haikuwa na hata punje. Maimuna akaenda mtungini kama alivyozoea, akarudi mkono umefumbwa.

"Mama, leo mtungi ututilie sisi."

Shekue akacheka kwa unyonge pale kitandani. "Mtoto ametushinda akili. Chukua, mke wangu. Humo mna konzi zetu pia. Nikipona tutarudisha."

"Zimo, bwana wangu, lakini sizijui ni zipi."

Akamfumbua Maimuna vidole juu ya mtungi mpaka punje ya mwisho ikaanguka. Mtoto akalia, na mama akalia. Aliogopa, maana mkono uliozoea kutia ulikuwa umeonja kutoa. Akajitwisha mtungi, akaenda kisimani walipokuwa wenzake.

"Makubwa! Leo Bi Thuwaiba anateka maji kwa mtungi wa mtama!" mmoja akamtania.

"Wenzangu, iondoeni amana yenu kwangu," akasema. "Nyumbani kuna njaa, na nafsi yangu siiamini mpaka jioni."

Kisha Bi Mashavu akaweka ndoo yake chini.

"Mwizi gani huyu, anayetangaza kabla hajaiba? Mtungi urudi kwako, shoga yangu. Na konzi za leo watoto wazitie chunguni mwako."

"Na mbuzi wako, Bi Mashavu?" akauliza Bi Thuwaiba.

"Mbuzi atakuja. Mimi nimezoea kungoja."

Watoto wakaja na ngumi zao ndogo, leo na kesho, mpaka Shekue alipoinuka, wa-lhamdulillahi. Mtungi ukachelewa kujaa, na Bi Mashavu hakunung'unika. Mbuzi wake alipoletwa, alikuwa amefungwa kamba mpya, laini, ambayo Shekue aliisokota kwa mikono yake na kukataa ujira.

Akina mama wenzangu, akiba ya mnyonge ni ndogo, na mlinzi wake ni ukweli. Anayeona haya kusema "nina njaa" huenda kesho akawa na jambo zito zaidi la kuficha. Mola atupe ulimi wa kusema mapema, na majirani wa kuambiwa.