Kanga na Mayai Yaliyopoa

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni polepole, nimepalilia tangu asubuhi na kichwa kinaniuma. Lakini mmeshakuja na mikeka yenu, siwezi kuwafukuza.

Hapo zamani za kale, kwenye majani marefu karibu na shamba la mahindi, aliishi Kanga. Nasema kanga ndege, mwenye madoadoa, si kanga ya kujifunga kiunoni. Wewe unayecheka huko nyuma, nyamaza.

Kanga alitaga mayai. Akayalalia. Akatulia. Mara akasikia, wa wa wa! Nyani wanagombania mahindi. Kanga akainuka, tuku tuku tuku, akaenda kuona nani kampiga nani. Aliporudi, mayai baridi. Halikuanguliwa hata moja.

Akataga tena. Akayalalia. Akatulia. Mara, kwaa, kwaa! Kunguru anatangaza habari za ng'ambo ya mto. Tuku tuku tuku, Kanga akaenda kusikiliza. Aliporudi, mayai baridi.

Akataga mara ya mwisho. Mvua zilikuwa zinakatika, majani yanaanza kukauka, na tumboni mwake hamkuwa na yai jingine. Haya nayo yakipoa, mwaka ule hana mtoto. Alikuwa amechoka, masikini. Amechoka mpaka manyoya yamelala.

Mara, puu! Tawi limeanguka huko. Tuku tuku tuku, akaenda. Akarudi. Lakini hakuingia kiotani. Alisimama kando, akaanza kujipigapiga mabawa.

"Mama gani mimi? Sina akili. Sina haya. Wenzangu wote wanaweza, mimi tu siwezi."

Jirani yake, Bi Kwale, alikuwa amelalia mayai yake hatua chache kutoka pale. Maneno yale alikuwa akiyasikia tangu mayai ya kwanza, na yalikuwa yamemchosha.

"Shoga," akasema, "mayai yako yako wapi?"

"Yale pale."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko hapa, najuta."

"Hayo majuto yanapasha yai moto?"

Kanga akaingia kiotani, akakaa. Baada ya kitambo akauliza, "Bi Kwale, wewe hutoki kamwe?"

"Natoka kila siku. Nikisikia kitu, moyo umeshafika huko kabla yangu. Nikijikuta njiani nasema, nimetoka, narudi. Basi. Sijitukani. Kujitukana nako ni safari, tena ndefu kuliko ya kwenda kwa nyani."

"Na nikishakaa, nifanye nini?"

"Sikilizia joto lililo chini ya kifua chako. Hilo tu. Likikupotea, litafute tena."

Kanga akajaribu. Wa wa wa! Nyani. Akajikuta katikati ya njia. Akafungua mdomo ajitukane, akaufunga. "Nimetoka, narudi." Tuku tuku tuku, kiotani. Joto.

Kwaa, kwaa! Kunguru. Safari hii akajikuta amesimama tu, mguu mmoja nje. "Nimetoka, narudi." Joto.

Kesho yake miguu haikutoka, ukatoka moyo. Uliwaza mahindi. Ulimwaza Bi Kwale anavyokaa vizuri, ukaona wivu. "Nimetoka, narudi." Ukarudi. Ukatoka. Ukarudi. Msidhani ilikuwa raha. Mapaja yalikufa ganzi, sisimizi walimtembea, na kazi yenyewe haionekani. Mpita njia angesema ndege huyu mvivu, amelala tu. Kuna jioni alilia kwa uchovu, lakini alilia akiwa amekaa juu ya mayai yake.

Siku moja akasikia, ko. Ko. Ko.

Kanga akafumba macho. "Siendi," akasema.

Ko. Ko.

"Nimesema siendi kokote. Agombane atakaye."

Ko! Kitu kikamdonoa kifuani.

Akatazama chini. Mdomo mdogo umetokeza kwenye ganda. Sauti ile ilikuwa inamwita kutoka palepale alipokaa.

Si mayai yote yaliyoanguliwa. Ya pembeni yalikuwa yamepoa siku nyingi, na Kanga aliyahuzunikia. Lakini waliotoka walijisukuma chini ya mabawa yake, wii, wii, wii, wakiwa wamelowa.

"Bi Kwale," akasema, "wananiita."

"Nawasikia. Sasa sinzia kidogo, shoga."

Basi wanangu, na nyie watu wazima mnaojifanya mmeleta watoto tu, sikieni. Ukikaa kutuliza moyo wako, iwe kwenye sala, iwe kwa kufuata pumzi yako, moyo utatoka. Wa kila mtu hutoka. Usisimame nje ukijitukana, kwa sababu huko ndani kunapoa. Rudi. Ukitoka tena, rudi tena. Kutulia ndiko huko kurudi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ilinitoa kwenye mkeka wangu, na sasa narudi.