Kizibo cha Kijani

Wahenga walipoonya kwamba usione vyaelea, vyaundwa, walikuwa wanazungumzia vyombo vya majini. Malori hawakuyaona. Maana yao ilikuwa nyepesi: ukiona jambo linakwenda vizuri, usidhani linajiendea lenyewe, yupo mtu mahali fulani anayelitolea jasho. Dereva mmoja aliyeitwa Breki aliijua methali hii tangu darasa la nne, hata vema kubwa alipata daftarini. Kuielewa, hata hivyo, kulimchukua miaka thelathini na kreti mia moja na ishirini za nyanya.

Jina hilo hakulipata kwa ushujaa. Alilipata kwa sababu hakuwahi kupita kibanda cha chai bila kusimama.

Kwa miaka kumi na miwili aliendesha lori la kampuni, na miaka yote hiyo alipangiwa safari na mama mmoja ambaye madereva wote, hata waliomzidi umri, walimwita Shangazi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kutazama yadi, simu mbili, feni iliyopungukiwa panga moja, na ukutani boneti la lori kuukuu lililopakwa rangi nyeupe. Juu ya boneti hilo Shangazi alikuwa amechora barabara zote kwa mkono. Kila dereva alikuwa kizibo cha soda kilichogundishwa kwenye sumaku ya spika mbovu. Breki alikuwa kizibo cha kijani. Akisogea yeye njiani, na kizibo kinasogezwa.

Ili akisogeze, Shangazi alilazimika kuuliza. Simu ingelia, na kabla ya salamu: "Uko wapi?" Breki alilichukia swali hilo kama mtoto anavyochukia kuogeshwa. Siku moja, akiwa benchini na kikombe mkononi, alimwambia kwamba anapanda mlima, hasikii vizuri, kisha akanguruma kwa mdomo kama lori lililoelemewa na mzigo. Shangazi alimsikiliza mpaka ngurumo ikaishiwa pumzi.

"Mlima gani huo wanakoroga chai?" akauliza.

Yadi ilicheka wiki nzima. Breki naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa cha jino pembe.

Hatimaye akaamua kujitegemea. Yeye na mkewe waliuza kiwanja chao, wakanunua lile lile lori lake, ambalo kampuni ilikuwa inaliondoa kazini. Mkewe alilizunguka mara moja, mikono kiunoni.

"Nyumba yangu imeota magurudumu," alisema. "Ole wako ipate pancha."

Siku ya kuaga, Breki alisimama katikati ya yadi akatamba kwamba tangu sasa anajipangia mwenyewe. Kazi ya kukaa kwenye kiti na kuuliza watu wako wapi, alisema, hata kasuku angeiweza. Dirisha lilikuwa wazi. Shangazi aliinua macho, akasema tu, "Barabara njema, Breki," kisha akarudi kwenye simu zake.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mfanyabiashara wa nyanya, mtu wa neno moja kama msumari. Mzigo ukifika salama, msimu mzima ni wa Breki. Ukiharibika, wasijuane. Breki alijua kwamba bila msimu ule lori lingeishia juu ya mawe nyumbani kwake, na kiwanja kisingerudi.

Aliondoka akipiga mluzi. Simu haikulia asubuhi nzima. Alisimama kwenye vibanda vitatu, akanywa chai tatu bila kumdanganya mtu yeyote, na akashangaa kwamba ya tatu haikuwa na ladha.

Saa sita mchana alifika kwenye bohari la mboga. Geti lilikuwa limefungwa. Akapiga honi. Akapiga tena. Mlinzi alitoka akitafuna kijiti, akamweleza kwamba leo ni tarehe thelathini, mwisho wa mwezi watu wanahesabu mali, arudi Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na jua lilikuwa linawaka kana kwamba linalipwa. Ilipofika saa nane, maji mekundu yalianza kudondoka chini ya bodi, tone baada ya tone.

Breki aliketi kwenye ngazi ya lori. Miaka kumi na miwili alikuwa akija hapa, na hakuwahi hata mara moja kukuta geti hili limefungwa. Alidhani ana nyota. Akakumbuka siku Shangazi alipomlazimisha kulala njiani bila kumpa sababu. Alinuna mpaka asubuhi, kisha akasikia kwamba daraja la mbele lilichukuliwa na maji. Akakumbuka maneno aliyoambiwa kila safari ya huku: ukifika pale, usipige honi. Alidhani ni kisirani cha mama mtu mzima. Kumbe nyota yake ilivaa miwani na kukaa chini ya feni mbovu.

Aliitazama simu kwa muda mrefu. Halafu akapiga.

"Uko wapi?"

Kwa mara ya kwanza swali lile lilimwingia kama maji ya mtungi.

"Nje ya bohari la mboga, Shangazi. Leo sina uongo. Wamefunga, na nyanya zinalia."

Nyuma ya Shangazi feni ilisikika ikigonga, tak, tak, tak. Kumbe hata sauti hiyo alikuwa na hamu nayo.

"Leo tarehe ngapi?"

"Thelathini."

"Tangu lini watu wanapeleka mzigo pale tarehe thelathini?"

"Tangu nianze kujipangia."

Alisikia kitu kama kicheko kikimezwa. Kisha Shangazi akaingia kwenye sauti yake ya kazi. Azunguke nyuma, kuna geti dogo la chumba cha baridi. Kile hakifungwi mwisho wa mwezi, maana kila kinachoingia hupimwa mlangoni siku ile ile. Mpokeaji ni bibi mmoja mwenye kipandauso; hupokea mpaka saa tisa, lakini akipigiwa honi hufunga na kwenda kula.

"Umepiga?"

"Geti la mbele. Mara mbili."

"Basi omba awe hajasikia. Kimbia."

"Na mzigo wa kurudi?"

"Wa kurudi jipangie," alisema Shangazi. "Hata kasuku anaweza."

Breki alizunguka nyuma polepole kama mwizi wa kuku. Bibi hakuwa amesikia. Kreti nne za chini zilikuwa zimepondeka; mia moja na kumi na sita ziliingia kwenye baridi. Alimpigia mama wa nyanya, akamweleza ukweli wote, pamoja na zile nne. Mama alinung'unika, kisha akasema mzigo unaofuata ni Alhamisi. Mwishowe, kwa sauti ya kunong'ona, Breki alimwuliza bibi kama kuna chochote cha kurudisha mashambani, akapewa kreti tupu lori zima. Kabla ya kuwasha injini alifungua daftari jipya akaandika: Tarehe thelathini, geti la nyuma, bila honi. Akautazama mstari ule mmoja, akawaza Shangazi ana mingapi kichwani.

Siku ya Jumatano alikwenda yadini kwa miguu, akasimama dirishani. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye boneti. Kizibo cha kijani kilikuwa chini kabisa pembeni, mahali pasipochorwa barabara yoyote.

"Mbona umenitupa huko, Shangazi?"

"Sijakutupa. Hapo ndipo ninapomweka mtu nisiyejua alipo."

Breki alikuwa amepanga maneno marefu ya kuomba radhi, nayo yote yakamkimbia. Aliinamisha kichwa, akasema tu kwamba kesho anabeba nyanya, anaondoka alfajiri kwa barabara ya juu. Shangazi alinyoosha mkono, akakichukua kizibo cha kijani, akakiweka mwanzo wa barabara ya chini, akakigonga kwa kidole ili kishike.

"Ya juu wanachimba," alisema. "Na usininywee chai mlimani."

Wahenga hawakuyaona malori, lakini Breki walimwona kutoka mbali: usione vyaelea, vyaundwa.