Volti za Jirani

Volti za jirani huunguza redio yako. Mnaisema kila siku, halafu mnaniuliza mimi imetoka wapi! Haya, kaeni. Na wewe Mwanahawa, weka simu chini. Methali hii ilianza hivi.

Sokoni Korogwe walikuwapo mafundi redio wawili, Nyange na Chande, meza zao zimetenganishwa na ubao tu. Kwa Chande watu walijaa; kwa Nyange, nzi. Wivu ukamkaba Nyange hata chakula hakishuki. Akimsikia Chande anacheka na mteja, roho inamuuma.

Kila mmoja alikuwa na pawasaplai, ile mashine ya mezani ya kutolea umeme kwa kipimo. Ina swichi mbili za kuzungusha: moja ya volti, yaani msukumo wa umeme, nyingine ya ampea, ya kuuwekea umeme mpaka, ili pakiwa na hitilafu kifaa kisinywe kupita kiasi. Nyange akaamini siri ya Chande imo kwenye namba zile. Akatoboa tundu ubaoni, akawa anachungulia. Mtu mzima na ndevu zake!

Siku moja mkewe, Mwanaidi, akamletea redio ya marehemu baba yake. Hakuachiwa kumbukumbu nyingine.

“Kama huiwezi sema, niipeleke kwa Chande.”

Jamani! Kwa Chande? Nyange aliona heri afe. Akachungulia tunduni: volti ishirini na nne, ampea tano. Akazungusha zake mpaka hapohapo, akaunga nyaya. Redio ikalia pu! Moshi ukafuka.

Mwanaidi akashika kichwa. “Umefanya nini?”

“Nimeweka kama za Chande.”

“Chande alikuwa anatengeneza nini?”

Chande mwenyewe akaja, akaifungua redio, akainusa.

“Mimi natengeneza redio ya lori, ndugu yangu. Hii ni ya betri nne, volti sita. Si imeandikwa hapa nyuma? Pole, shemeji. Hii haiponi tena.”

Nyange akaanza kufoka, eti Chande kamtegea. Hata haya hakuona!

Mwanaidi akaiviringisha redio kwenye khanga yake, machozi yanamtoka, akasema soko zima likasikia:

“Chande hakugusa kitu changu. Redio ya baba ulikuwa nayo mkononi, hukuitazama, macho yako yako kwa mwenzio. Basi jua, Nyange: volti za jirani huunguza redio yako.”