Dawa ya Bwawa la Pili

Pupa haitoki tumboni tu. Iko pupa inayotoka kwenye upweke, nayo ndiyo iliyomponza fundi wa mtambo wa majitaka, ambaye wenzake walimwita Povu.

Nyumba yake ilipakana na mtambo. Mkewe, mshonaji, alikuwa amehamia kwa dada yake kwa sababu wateja walikuwa wakinusa magauni kabla ya kuyajaribu. Cherehani aliiacha chumbani. Kila jioni Povu aliifuta vumbi, akaitia mafuta, kisha akazungusha gurudumu lake kidogo ili asikie ule mlio aliouzoea.

Jumatano mkewe alipiga simu.

"Nakuja Jumamosi. Pakinukia, nabaki. Pakinuka, nachukua cherehani yangu."

"Patanukia, mke wangu."

"Haya. Lakini pua yangu unaijua."

Tatizo lilikuwa bwawa la pili. Majitaka ya mji hupita kwanza kwenye chujio la vyuma linalonasa matambara na plastiki, kisha mchanga hutuama katika bwawa la kwanza. Katika bwawa la pili mashine hupuliza hewa, na vijidudu visivyoonekana kwa macho hula uchafu. Tope hutuama katika bwawa la tatu, na maji ya juu hutiwa klorini kidogo kabla ya kuingia mtoni. Wiki hiyo mashine ya hewa ilikuwa imeharibika, ikatengenezwa. Vijidudu vilikuwa vimedhoofu, na bwawa lilinuka kama mayai viza.

"Wadudu watarudi wenyewe," alisema msimamizi, mwanamke wa makamo. "Hewa wanayo, chakula wanacho. Wape muda."

"Muda sina, mama. Mke wangu anakuja Jumamosi!"

"Mwombe asogeze siku. Mke si basi, Povu, eti likipita limepita."

Povu alicheka, lakini simu hakupiga. Aliogopa kwamba akisema "subiri", mkewe angesikia "usije". Alhamisi, msimamizi alipokwenda mjini, Povu alibeba madumu ya klorini kutoka mwisho wa mtambo na kuyamimina yote katika bwawa la pili. Alijua kwamba klorini huua vijidudu. Ndiyo kazi yake. Alijiambia kwamba ingeanza na harufu.

Harufu ilikatika kama uzi. Ijumaa yote Povu alifagia ua akipiga mluzi.

Jumamosi bwawa lilikuwa jeusi. Vijidudu vilikuwa vimekufa, uchafu mbichi wa mji ulirundikana bila mlaji, na uvundo ulifika hadi kituo cha basi. Mkewe aliingia akiwa ameziba pua kwa mtandio. Aliiona cherehani ikimeta, akagusa gurudumu. Likazunguka bila kukwama.

"Umeitunza."

"Kila siku. Kidogo kidogo."

"Na bwawa je, hukuweza hivyo?"

Povu aliibeba cherehani mwenyewe hadi kituoni.

Tope lenye vijidudu hai lililetwa kutoka mtambo wa mji jirani. Vilikula, vikazaana, na siku moja msimamizi alisimama kando ya bwawa, akavuta pumzi, asikunje uso. Povu alikimbilia simu.

"Sasa hapanuki kabisa, mke wangu."

"Nimefurahi," alijibu, na nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa ikilia. "Ila nimeshakodi chumba cha kushonea huku. Wateja wamenizoea."

Jioni hiyo Povu alikaa chumbani, penye hewa safi, akitazama alama nne za miguu ya cherehani sakafuni. Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.