Bangili Iliyosemwa Haipo

Palikuwa na mtu mmoja mwenye ditekta, mashine ile ya fimbo ndefu yenye sahani mwishoni, ambayo hulia ikipita juu ya metali. Jina lake Kamuhabwa. Aliishi peke yake karibu na ufukwe wa ziwa, upande wa Bukoba, na kazi yake ilikuwa kutafuta majini vitu vilivyowaponyoka watu: pete, hereni, mikufu ya shingoni.

Aliifanya kazi hiyo kwa utaratibu. Aliingia asubuhi, maji yakiwa yametulia, akaenda hadi kiunoni na si zaidi. Alifunga kamba kwenye vigingi viwili, akaifuata kutoka kimoja hadi kingine, akiburuza miguu ili asitumbukie shimoni. Sahani aliipeleka kushoto na kulia polepole, karibu na mchanga bila kuugusa, kila mpito ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Mlio ukija, alishusha chepe lenye matundu, akachota mchanga na kuumwaga kwenye chekecheo lililoelea nyuma yake juu ya tyubu ya pikipiki. Masikioni alivaa hedifoni, kwa sababu sauti ya pete iliyozama ni ndogo kuliko ya wimbi. Watu waliokuja kuoga, waliomwita Ta, yaani Bwana kwa Kihaya, walimtania kutoka ufukweni, "Ta Kamuhabwa, leo umevua sato wa dhahabu?" Hakuwajibu. Hakuwa na kiburi. Alikuwa hasikii.

Mwaka wa kwanza mashine ilimchosha. Ufukwe ule ulijaa chuma: misumari ya mitumbwi, ndoano, majembe yaliyokatika, vipande vya nyaya. Kwa kila pete moja alichimbua misumari mia, na alikwenda kulala mlio ungali masikioni. Sasa, kwenye mashine palikuwa na kitufe cha kuzungusha, na aliyemuuzia alikuwa amemwonyesha: ukikipeleka upande huu, itanyamaza juu ya chuma na kulia juu ya dhahabu na fedha. Kamuhabwa akakizungusha. Tangu siku hiyo ziwa likatulia. Alitembea asubuhi nzima akisikia pumzi zake mwenyewe, na mlio ulipokuja ulikuwa wa kitu chema. Ikapita miaka sita. Kitufe kikashika utando wa kijani, naye akasahau kwamba kilikuwa na upande mwingine. Simlaumu. Ni nani kati yetu, akipata utulivu, huuliza umetoka wapi?

Katika mtaa ule kulikuwa na ndugu watatu wa kike waliofiwa na mama yao. Mkubwa, Kemilembe, ndiye aliyemuuguza kwa miaka miwili. Wadogo zake walikuwa wameolewa mbali, wakaja kuzika. Siku chache kabla ya kufa, mama alivua bangili yake na kumvisha Kemilembe. Ilikuwa ya chuma, nyeusi, nzito, iliyofuliwa na babu yake mwenyewe. Sokoni isingepata mnunuzi, lakini katika nyumba ile aliyeivaa ndiye aliyekalia kiti cha mama, na siku ya kumaliza msiba watoto wote wa ukoo walipaswa kuanza kwake kusalimia.

Siku ya tatu baada ya mazishi Kemilembe alikwenda ziwani kufua mablanketi ya marehemu. Mkono ulikuwa umekonda kwa kuuguza, na sabuni ilikuwa nyingi. Alipomaliza kukamua blanketi la mwisho akaona kifundo cha mkono kitupu. Alipapasa mchangani mpaka vidole vikakunjamana. Kisha akarudi nyumbani na kusema lililotokea.

Hawakumwamini. Walikumbuka kwamba siku ya msiba, akiwa amechoka, alisema hataki tena kubeba kitu chochote cha nyumba ile.

"Dada, bangili haina miguu," alisema Nyakato, yule wa pili. "Uliichoka, ukaitupa chooni. Sema tu, yaishe."

"Imeniponyoka, Nyakato. Nilisimama pale penye jiwe la kufulia."

"Basi aitwe Kamuhabwa. Mashine yake haina undugu na mtu. Akisema ipo, tutakupigia magoti. Akisema haipo, kiti cha mama usikikaribie."

Kemilembe alikubali mara moja, kama mtu anayeitiwa shahidi wake.

Kamuhabwa aliitwa. Aliambiwa ni bangili, ni ya chuma, ilianguka karibu na jiwe. Akaitikia kwa kichwa. Neno chuma lilimpita kama jina la mtu asiyemfahamu. Alifunga kamba yake, akatafuta asubuhi mbili, kila mstari mara mbili, kwa uaminifu wote aliokuwa nao. Hedifoni hazikutoa hata mnong'ono. Asubuhi ya pili alitoka majini, akasogeza hedifoni kando ya sikio moja, akawaambia wale wanawake watatu waliokuwa wakimngoja mchangani, "Haipo."

Angeweza kusema, "Sijaisikia." Kwake yeye maneno hayo mawili yalikuwa yamekwisha kuwa kitu kimoja.

"Tafuta tena, Ta Kamuhabwa," Kemilembe alisema. "Nakuomba."

"Ma Kemilembe, nimepita kila mahali. Haipo."

Hakuna aliyempigia Kemilembe kelele. Siku ya kumaliza msiba alisimama nje ya ua pamoja na majirani, akapokea sahani yake ya ndizi kama mgeni, na watoto wakasalimia kuanzia kwa Nyakato. Baada ya hapo alihamia chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Kwenda kisimani alingoja hadi wenzake wawe wameondoka. Wadogo zake hawakumtukana, wala hawakumtaja. Huo ndio uzito wenyewe. Ukitukanwa, angalau jina lako bado linatamkwa.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja Kamuhabwa alikuwa majini, hatua moja kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akiparua samaki, maji yakimfika magotini. Kisu kikamponyoka yule mwanamke na kuzama. Maji yalikuwa maangavu, na Kamuhabwa alikiona kikilala mchangani, karibu na mguu wake. Kwa mazoea tu, kabla ya kuinama, akapitisha sahani juu yake. Mashine haikulia. Akapitisha tena. Haikulia. Alisimama akikitazama kisu, kinang'aa, chembamba, kipo, na masikioni mwake hapakuwa na kitu.

Mwanamke alisema jambo, akacheka, akainama na kukiokota mwenyewe. Kamuhabwa hakumsikia. Alikuwa akitazama kitufe.

Ilimbidi atumie vidole gumba vyote viwili kukizungusha. Kilipogeuka, ziwa likapiga kelele. Misumari, ndoano, majembe, vyote alivyovipita kwa miaka sita vilikuwa palepale vilipokuwa, vikilia kwa pamoja. Alitaka kuzivua hedifoni. Hakuzivua. Alikwenda hadi kwenye jiwe la kufulia, akafunga kamba yake, akaanza kuchimba kila kilicholia, bila kuchagua. Siku ya kwanza alitoa misumari. Siku ya pili, misumari na mpini wa ndoo. Waogaji walimwuliza kama sasa amekuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na safari hii alisikia, kwa kuwa alikuwa ameanza kuvua hedifoni kila alipopumzika. Akawajibu kwamba anatafuta kitu alichokwisha kusema hakipo. Wakarudi kuoga. Siku ya tano, hatua mbili kutoka kwenye jiwe, kina cha kiwiko ndani ya mchanga, chepe likainua bangili. Ilikuwa imeshika kutu, lakini ilikuwa nzima.

Aliipeleka jioni ileile, nguo zikiwa bado zimelowa. Kemilembe alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo. Kamuhabwa alifungua kiganja. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, au kwa hasira, na vyote viwili angevipokea. Kemilembe aliitazama bangili. Hakunyoosha mkono.

"Usinipe mimi, Ta," alisema. "Mimi nilijua ipo."

Kisha akaendelea kuchambua maharage yake.

Kamuhabwa akaelewa. Njia ya kwenda nyumba ya marehemu ilikuwa ya kupanda, na aliipanda peke yake akitafuta la kusema. Alifikiria kusema mashine ilikosea. Lakini mashine haikukosea. Ilikuwa imetunza ukimya aliouagiza yeye mwenyewe. Alifikiria kuiacha bangili mlangoni na kuondoka. Lakini neno lake halikuwa limeachwa mlangoni. Lilikuwa limesemwa mbele ya watu, na kwa neno hilo mtu alikuwa akiishi nyuma ya mashine ya kusaga. Alipofika, Nyakato, aliyekuwa amebaki kuitunza nyumba ile, akamkaribisha kiti. Hakukaa. Aliiweka bangili mkononi mwake, akamwambia kwamba dada yake alisema kweli tangu siku ya kwanza. Kwamba yeye hakupaswa kusema haipo, alipaswa kusema hakuisikia. Na kwamba hakuisikia kwa sababu alikuwa amechagua, zamani, nini kisifike masikioni mwake.

Nyakato alisimama akiifuta kutu kwa ncha ya kitenge chake, akaifuta tena, ingawa haikutoka. Mara akatoka nje, akateremka njia ile ya mashine ya kusaga, kwanza akitembea, kisha akikimbia, akamwacha Kamuhabwa amesimama ndani ya nyumba ya watu, mlango wazi.

Na wewe, yule unayesema hayupo, humsikii kwa kuwa kweli hayupo, au ulikwisha kumnyamazisha?