Zimwi Lililolamba "Njema"

Paukwa!

Pakawa!

Paka na mkia wake, zimwi na uvundo wake!

Acheni kunong'onezana, najua mmeshasikia. Ndiyo, msimulizi wenu, aliyezunguka miji saba akala mkate wa kila mji, leo kamwuliza Bi Zuwena, "Bwana hajambo?" Na bwana tulimzika Jumanne. Jeneza nililibeba mimi, upande wa miguu. Naye Bi Zuwena akajibu, "Hajambo." Tukabaki kutazamana kama mbuzi wawili.

Basi sikilizeni.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha watu wa adabu. Mtu akiulizwa habari, alijibu njema. Nyumba imeungua, njema. Mtoto ana homa, njema. Meno yamemtoka yote, njema.

Siku moja likaja zimwi, likakaa penye kisima. Makamasi yalilitiririka mpaka kitovuni, nzi wamelala masikioni, meno yameota ukungu kama muhogo uliosahauliwa. Likimwona mtu na ndoo, liliuliza, "Habari za utokako?"

Akaja mfinyanzi, vyungu vyake vyote vimepasuka. "Njema," akasema, kaziba pua. Neno likamdondoka mdomoni kama kohozi. Zimwi likaliokota, likalilamba, likammeza na mwenyewe.

Akaja mkunga, mgongo haunyooki. "Njema." Likalamba, likameza.

Akaja Mwanakheri, aliyeachwa na mumewe asubuhi ile ile. "Njema." Likalamba, likameza, likacheua.

Habari zikamfikia dada yake, Siwatu. Moyo ukamchoma. Asubuhi alikutana na mdogo wake njiani, macho yamevimba. Akamwuliza habari, akaambiwa njema, akapita zake. Alikuwa anawahi kuuza mchicha sokoni.

Basi akaenda kisimani. Uvundo ukampiga.

"Habari za utokako?"

Ile njema ikamjia ulimini, laini kama mlenda. Akaitema chini.

"Mbaya," akasema. "Nimemwona mdogo wangu amelia, na sikumwuliza analilia nini. Na wewe unanuka. Hilo tumbo lina nini?"

Zimwi likaduwaa. Tangu lizaliwe hakuna aliyewahi kuliuliza jambo akasubiri jibu. Likafuta makamasi kwa mkono, likalamba mkono.

Siwatu akakaa kitako mbele yake, juu ya ute wa makamasi yake. Akauliza tena, "Lina nini?" Zimwi likatazama pembeni. Akauliza mara ya tatu, taratibu, "Lina nini?"

"Linauma," likasema. "Maneno yenu yameniozea humu ndani."

Likaanza kueleza yalivyooza, moja baada ya jingine, na kila likieleza kinywa kikazidi kupanuka, mpaka halikuweza kukifunga tena. Akatoka mfinyanzi. Akatoka mkunga. Akatoka Mwanakheri, kapakwa ute wa kijani toka utosini hadi kisiginoni. Zimwi likasinyaa kama ganda la ndizi, hata nzi wakalihama.

Siwatu akamkumbatia mdogo wake, wakanatana. Na kwa mazoea tu, akamwuliza, "Habari za huko?"

"Kunanuka," akasema Mwanakheri. "Na mume wangu ameniacha."

Siwatu akageuza ndoo, akamkalisha juu yake, akasikiliza. Mchicha ulinyauka huko sokoni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye makamasi apenge. Na funzo ni hili: ukimwuliza mtu habari, simama uipokee, na wewe ukiulizwa, usimtemee mwenzio njema iliyooza.

Haya, Bi Zuwena, habari za nyumbani?

"Mbaya," akasema Bi Zuwena. "Kaa chini, na safari hii unyamaze."